Jenerali aliyezikwa ndani ya saa 72

Waziri Mkuu wa zamani Raila Odinga alipofariki India Oktoba 15, 2025, familia ikatangaza kwamba aliagiza azikwe ndani ya saa 72. Wakenya wengi walipigwa na butwaa. Watu wa kwao Siaya, Nyanza, hawakushangaa sana. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo walikuwa wameshuhudia mazishi ya namna hiyo hiyo katika kijiji cha Mor, Ng'iya, alipozikwa Jenerali Francis Omondi Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Kenya. Raila mwenyewe alikuwa miongoni mwa waombolezaji.

Tangu hapo jina la Ogolla hutajwa kila mjadala wa gharama za matanga unapozuka Nyanza, na watu husahau kwamba mtu huyu alikuwa na miaka arobaini ya kazi nyuma yake. Ilibaki chini ya wiki moja itimie.

Kwa mujibu wa wasifu uliotolewa na jeshi, alijiunga na majeshi Aprili 24, 1984, akawa afisa Mei 6, 1985 na kupelekwa Jeshi la Wanahewa. Mwaka wenyewe una maana. Agosti 1, 1982, askari wa kikosi hicho walijaribu kumpindua Rais Daniel arap Moi, na aliyetajwa kuwa kinara wao, Hezekiah Ochuka, alikuwa Mjaluo. Jaribio lilizimwa siku hiyo hiyo. Kikosi kikavunjwa, kikasukwa upya chini ya Mahmoud Mohamed, afisa aliyetoka jeshi la nchi kavu, na hata jina likabadilishwa kikawa '82 Air Force. Mkuu wake wa awali, Meja Jenerali Peter Kariuki, alifungwa. Ochuka alinyongwa mwaka 1987. Kijana Mjaluo wa Siaya kuvaa sare ya wanahewa katika miaka hiyo na kukabidhiwa ndege ya kivita halikuwa jambo dogo, na kwa maoni yangu hapo ndipo hadithi yake ingepaswa kuanzia kila inaposimuliwa.

Mengine yalikwenda kwa utaratibu wa kijeshi. Marekani walimfunza urubani wa ndege za kivita, kisha naye akawa mwalimu wa marubani nyumbani. Alisomea pia uchunguzi wa ajali za ndege, jambo linalouma ukikumbuka alivyokufa. Mwaka 1992 hadi 1993 alikuwa mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa katika iliyokuwa Yugoslavia. Alisoma chuo cha kijeshi cha Paris, akapata digrii Chuo Kikuu cha Nairobi, akaongoza kambi za Laikipia na Moi, na Julai 2018 akawa Kamanda wa Jeshi la Wanahewa. Nishani za EBS na HSC zilifuata jina lake. Kufikia uchaguzi wa 2022 alikuwa Naibu Mkuu wa Majeshi.

Uchaguzi huo nusura umharibie. Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alidai kwamba Ogolla alikuwa katika ujumbe wa maafisa wa serikali uliomfuata Bomas, kituo kikuu cha kujumlisha kura, kabla ya matokeo kutangazwa, ukitaka yasimpe William Ruto ushindi. Ruto alitangazwa mshindi, na wengi wakadhani jenerali ameshapanga virago. Aprili 2023 Rais alimteua kuwa Mkuu wa Majeshi. Baadaye Ruto alisimulia hadharani kwamba alipomuuliza kuhusu Bomas, Ogolla alimjibu kuwa hana la kujitetea, na kwamba alimteua kwa sababu sifa zake ziliwazidi wengine. Wako walioona hapo ukomavu wa Rais, wako walioona hesabu za siasa. Mimi naona pia afisa ambaye hakutafuta kisingizio.

Alikaa kitini takriban mwaka mmoja. Alhamisi, Aprili 18, 2024, alikuwa Bonde la Ufa kaskazini, kwenye operesheni dhidi ya majangili wa mifugo, akikagua askari na shule zilizokuwa zikikarabatiwa. Saa nane na dakika ishirini mchana, helikopta aina ya Huey iliyombeba ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, muda mfupi baada ya kupaa. Walikuwemo watu 12, wakaokoka wawili. Hakuna Mkuu wa Majeshi wa Kenya aliyewahi kufa akiwa kazini kabla yake.

Kwa desturi za Nyanza, mtu wa cheo hicho angelala mochari wiki mbili au tatu. Kamati zingeundwa, Nairobi na kijijini. Harambee ingeitishwa, mahema yakodishwe, ng'ombe waangushwe, na usiku muziki ulie mpaka majogoo. Siaya ndiyo iliyompokea S. M. Otieno, wakili aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga Mei 1987, siku 154 baadaye, baada ya mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager kushindana mahakamani juu ya kaburi lake. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hiyo, familia ya Ogolla ilisimama na kusema mzee aliacha agizo: azikwe ndani ya saa 72, bila jeneza, mwili ufungwe shuka.

Maneno yakawa mengi. Wengine waliuliza haraka ya nini, kama si kuficha jambo. Wengine walisema hayo ni mazishi ya Kiislamu, na jenerali alikuwa Mkristo. Wazee walitaka kujua wageni wa mbali wangefikaje. Mwanawe aliwajibu wenye shaka mbele ya umati kwamba baba yao alikufa kazini, katika ajali, na akawaomba waachane na nadharia za njama. Familia haikutetereka. Jumamosi ibada ilifanyika uwanja wa Ulinzi, Lang'ata, na Jumapili, Aprili 21, jeshi lilimzika kwao Mor kwa heshima zake zote, mizinga ikilia, bila jeneza kama alivyotaka. Bendera na bendi vilikuwepo. Kilichokosekana ni wiki tatu za matumizi.

Kwa vigezo vya dala, yaani boma la Kijaluo, hakuvunja lolote la msingi, kwa kuwa amelazwa nyumbani kwake, kwenye ardhi ya babu zake. Ndiyo maana agizo lake lilikuwa na nguvu kuliko mahubiri yote ya makasisi kuhusu ubadhirifu wa matangani. Mtu aliyeweza kupewa mazishi ya gharama yoyote aliyakataa. Raila naye alipozikwa Kang'o ka Jaramogi, Bondo, Oktoba 19, 2025, Siaya ni wachache waliouliza kama Mjaluo anaweza kuzikwa upesi hivyo.

Mei 2, 2024, Jenerali Charles Kahariri, mwanamaji, aliteuliwa kuchukua nafasi ya Ogolla.

Kuna jambo moja halijakaa sawa. Helikopta ile iliua watu kumi, na kila Aprili magazeti yetu humwandika mmoja. Wale tisa, kuanzia brigedia hadi sajini, nao walizikwa makwao, kila mmoja na familia yake. Wizara ya Ulinzi na wahariri, Aprili 18 ikifika, yasomeni majina ya wote kumi.