Fungate Melini: Bibi Salme, Heinrich Ruete na Riwaya Inayokatishwa Mapema

Riwaya ya mapenzi ya baharini ina mazoea yake. Wapenzi wanazuiliwa na ukoo, dini au mali. Usiku unaingia, mashua inasukumwa majini, meli inang'oa nanga, na msomaji anafunga kitabu akiwa ameridhika. Kisa cha Bibi Salme binti Said wa Unguja na Heinrich Ruete wa Hamburg kimesimuliwa hivyo mara nyingi, na wanaotembeza wageni Mji Mkongwe bado wanakisimulia hivyo. Makala haya yanadai kwamba mkato huo ni wa makosa, kwa kuwa yenye uzito katika kisa hiki yalitokea baada ya nanga kung'olewa. Hata ndoa yenyewe ilikuja miezi tisa baadaye.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, binti wa Sayyid Said bin Sultan na suria wa Kicherkesi aitwaye Jilfidan. Mabinti wa jumba walifundishwa kusoma, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme akajifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mfupa huo ulimfikisha mbali: mwaka 1859, akiwa binti wa miaka kumi na mitano, aliandika barua za njama za kaka yake Barghash dhidi ya ndugu yao, Sultani Majid. Uasi ulishindwa, Barghash akahamishiwa Bombay, na Salme akabaki Unguja na jina lililotiwa doa. Ujuzi huohuo ndio uliomwezesha baadaye kuandika habari zake kwa mkono wake, jambo ambalo wanawake wachache sana wa pwani ya zama zake waliliacha nyuma.

Heinrich alikuwa jirani. Paa la nyumba yake lilikuwa chini ya madirisha ya Salme, naye akiona kutoka juu karamu za Wazungu. Ujirani ukawa urafiki, urafiki ukawa mimba.

Hapa ndipo mtunzi wa mapenzi hupenda kumweka mwanamume kwenye usukani. Ukweli haumruhusu. Mnamo Agosti 1866, katika shamrashamra za Siku ya Mwaka, wakati wanawake wanateremka pwani kuoga baharini, Salme aliingizwa kwenye manowari ya Kiingereza Highflyer kwa msaada wa mke wa kaimu balozi wa Uingereza, na manowari hiyo ikaelekea Aden. Heinrich hakuwemo. Alibaki Unguja miezi kadhaa akifunga hesabu zake za biashara, na hakuguswa. Miji ya Hansa, Hamburg ikiwemo, ilikuwa na mkataba wa biashara na Zanzibar tangu 1859, na Majid hakuwa na sababu ya kuitia biashara hiyo hatarini kwa ajili ya dada aliyekwisha kuondoka. Kwa hiyo aliyevuka bahari kwa hatari alikuwa mwanamke peke yake, na chombo kilichombeba kilikuwa cha dola ya kigeni.

Kule Aden alihifadhiwa na familia ya Kihispania aliyoifahamu tangu Unguja. Desemba 1866 akajifungua mtoto wa kiume. Heinrich alifika tarehe 30 Mei 1867. Siku hiyohiyo Salme alibatizwa kwa jina la Emily, akafungishwa ndoa kwa taratibu za Kanisa la Uingereza, kisha maharusi wakapanda meli kuelekea Ulaya.

Inafaa kuitazama siku hiyo kwa macho ya pwani. Hapakuwa na walii, hapakuwa na somo wa kumweka bibi harusi ndani siku saba, wala mama wa kumuusia. Utendi wa Mwana Kupona, wasia maarufu wa mama kwa bintiye juu ya maisha ya unyumba, ulikuwa umetungwa mwaka 1858 tu, miaka tisa kabla. Bibi harusi huyu alikuwa wa kizazi hichohicho. Na kwa kuwa sharia haimruhusu asiyekuwa Mwislamu kumrithi Mwislamu, ubatizo ule ulimtoa katika mirathi pamoja na dini. Gharama yake ingehesabiwa kwa miaka mingi.

Fungate ikaliwa melini, katika Bahari ya Shamu, mwezi Juni. Mfereji wa Suez haukuwa umefunguliwa hadi 1869, kwa hiyo wasafiri wa njia hiyo waliteremka Suez, wakakata nchi ya Misri kwa treni, kisha wakapanda meli nyingine hadi Marseille. Mtoto wao alifariki Ufaransa, kabla hawajafika Hamburg.

Katika kumbukumbu zake zilizotoka Berlin mwaka 1886, Salme hamtaji mtoto huyo hata kidogo. Ndoa na safari amezipitia kwa sentensi chache. Ni barua zake kwa rafiki wa nyumbani asiyetajwa jina, zilizochapishwa miongo mingi baada ya kifo chake, ndizo zinazoeleza aliyoyakuta ugenini. Huenda mtu akasema kwamba kuyaingiza haya ni kuua mapenzi ya hadithi. Hoja hiyo ni dhaifu. Walipata watoto wengine watatu kati ya 1868 na 1870, kisha Agosti 1870 Heinrich akafa kwa ajali ya tramu. Mjane wa miaka ishirini na mitano, mwenye Kijerumani cha kubahatisha, alibaki Ujerumani kuwalea wanawe na akaendelea kubeba jina la mumewe. Ushahidi wa mapenzi uko hapo zaidi kuliko kwenye usiku wa Siku ya Mwaka.

Na bahari ilimrudia kwa sura ileile ya kidola. Agosti 1885 alirejea Unguja kwa meli ya Adler, chini ya ulinzi wa manowari za Bismarck, akidai mirathi yake. Barghash, sasa Sultani, alikataa kumwona. Mwezi huohuo alilazimika kukubali madai ya Wajerumani bara, na dai la dada yake likaachwa njiani.

Salme alifariki Jena mwaka 1924, naye amezikwa Hamburg. Mtunzi wa Kiswahili atakayeiandika riwaya yake asianzie kwenye paa la Mji Mkongwe. Aanzie Aden, tarehe 30 Mei 1867, meli ikiwa inasubiri na mtoto akiwa bado hai.