Nani Anahesabu Dawa za Zahanati?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zahanati nyingi za vijijini Tanzania zilikuwa na jengo na mhudumu, lakini dawa hazikuwapo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali iliwekeza kwa nguvu vijijini, na kufikia 1980 idadi ya zahanati ilikuwa imezidi maradufu ile iliyorithiwa wakati wa uhuru. Kisha vikaja vita vya Kagera, bei ya mafuta ikapanda na fedha za kigeni zikaadimika. Dawa chache zilizoagizwa zilishukia Bohari Kuu Dar es Salaam, zikapita mkoani, zikapita wilayani, na kila ngazi ikajitosheleza kwanza kabla ya kusogeza kilichobaki. Zahanati, iliyokuwa mwisho wa njia, iliambulia makombo. Ukifuatilia yaliyofuata, utaona kwamba historia ya stoo za dawa nchini ni historia ya mamlaka zaidi kuliko ya mbao na misumari: nani anaaminiwa kuhesabu, na nani anaruhusiwa kuamua baada ya kuhesabu. Shelfu zilipangika pale mamlaka hayo yaliposogea karibu na dirisha la dawa. Yalipokaa mbali, ziliparaganyika.

Hatua ya kwanza iliyaweka mbali kabisa, na kwa sababu nzuri. Kati ya 1983 na 1984 ulianzishwa Mpango wa Dawa Muhimu, kwa fedha za Denmark zilizopitia UNICEF. Msingi wake ulikuwa orodha ya dawa zipatazo 200 ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 1977. Kutoka orodha ya namna hiyo zilichaguliwa dawa chache za zahanati, zikafungwa ndani ya kasha kwa kipimo kimoja na kupelekwa kwa ratiba. Kenya ilikuwa imeanza utaratibu wa aina hiyo muda mfupi kabla. Kasha lililofungwa ni gumu kuchotwa njiani, na linamfikia hata mhudumu ambaye hajawahi kufundishwa kuagiza dawa. Vijiji vilivyozoea kuandikiwa cheti tupu vilianza kupewa vidonge. Anayelibeza kasha leo amesahau hali ilivyokuwa kabla yake.

Hata hivyo kasha halikuuliza swali. Zahanati ya nyanda za baridi na ile ya bondeni kwenye mbu zilipata mgawo uleule. Huku malaria ikimaliza dawa zake katikati ya mwezi, kule chupa za aina nyingine zilirundikana mpaka muda wake ukaisha, na mwezi uliofuata zikaja tena. Mhudumu aliyeyaona yote mawili hakuwa na pa kuyaandika yakabadilisha chochote, kwa kuwa uamuzi ulishafanyika mbali naye, tena miezi mingi nyuma. Mtu akinyimwa nafasi ya kuamua kinachoingia stoo, hana sababu ya kuhangaika na mpangilio wake. Makasha yalipangwa juu ya makasha, la zamani likabaki chini.

Mabadiliko yalikuja taratibu. Sheria ya 1993 iliunda Bohari ya Dawa, iliyochukua kazi za Bohari Kuu mwaka uliofuata, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vituo vilianza kuhama kutoka kwenye kasha kwenda kwenye kuagiza vyenyewe. Hapo ndipo kadi ya stoo ilipopata maana. Ni karatasi nyepesi inayokaa kando ya kila dawa, yenye tarehe, kilichopokelewa, kilichotolewa na kilichobaki. Safu ya mwisho ndiyo inayozaa oda. Ikikosewa, oda nayo imekosewa, na katika kipindi kinachofuata mgonjwa ndiye atakayeumia. Kanuni za stoo, ambazo zamani zingeweza kuonekana kama usafi wa kumfurahisha mkaguzi, zikawa nyenzo za kazi. Katoni zikae sentimita 10 kutoka sakafuni na 30 kutoka ukutani, ili unyevu usipande na mtu aweze kuona nyuma yake. Mrundo usizidi mita 2.5, la sivyo boksi la chini litapondeka. Dawa inayokaribia kwisha muda ikae mbele, itoke kwanza. Stoo iliyopangwa hivyo huhesabika haraka. Iliyorundikwa haihesabiki, na hapo mhudumu hukisia.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kukwepa tatizo lenyewe, yaani fedha. Shelfu safi isiyo na dawa haimtibu mtu, na Bohari ya Dawa haiwezi kuleta kisichonunuliwa. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna kadi itakayoziba pengo la bajeti. Lakini tazama kilichotokea mwaka 2009 na 2010 katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Nchi ilikuwa imehamia dawa mseto ya malaria, ALu, iliyokuja katika pakiti nne kulingana na uzito wa mgonjwa: vidonge 6, 12, 18 na 24. Mradi wa SMS for Life uliwataka wahudumu wa vituo 129 watume kila wiki, kwa simu zao wenyewe, idadi ya kila pakiti na ya kwinini ya sindano, wakilipwa salio la simu kwa kujibu. Vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilikuwa asilimia 78 mwanzoni. Baada ya wiki 21 vilikuwa asilimia 26. Tukubali kwamba jaribio lilikuwa fupi na halikuwa na wilaya za kulinganisha. Hata hivyo, uongozi wa wilaya, ukishaona kwamba kituo kimoja kimejaa na jirani yake kimekauka, uliweza kuhamisha pakiti. Sehemu ya uhaba huo ilikuwa ni ukosefu wa hesabu.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la kazi yenyewe. Mhudumu anayepima, anayezalisha na anayechanja anaongezewa kadi, leja na fomu ya ripoti na maombi. Tunamwita mwenye mamlaka kumbe tumembebesha ukarani. Ni kweli kabisa pale ambapo takwimu hupanda juu na hazirudi na dawa. Jibu bora lilitoka hospitalini. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza utaratibu wa kupanga mahali pa kazi uitwao 5S, uliozaliwa viwandani Japani, ukathibitishwa katika hospitali ya kina mama ya Castle Street mjini Colombo, na kuletwa kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani. Kwetu ukapewa hatua tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Walioamua nini kitoke, nini kikae karibu na droo ipi ibandikwe lebo gani walikuwa timu za wodi, watu walewale wanaotafuta bomba la sindano usiku. Muda unaotumika kupanga unarudi katika kila zamu ambayo hakuna anayezunguka akitafuta.

Mamlaka hayo ya timu, hata hivyo, yanakwama kwenye hatua ya kwanza, Sasambua. Timu inaweza kutenga dawa zilizokwisha muda na vitanda vilivyovunjika, ila haiwezi kuviondoa, kwa kuwa mali ya serikali na dawa haviteketezwi bila kibali kutoka juu. Kwa hiyo katika vituo vingi chumba ambacho kingekuwa stoo ya pili kimejaa vitu visivyofaa, vimehesabiwa na kuorodheshwa vizuri, vinasubiri kibali, huku katoni mpya zikipangwa kwenye korido.