Barua Tatu

Mwaka 1988, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, tulikuwa na mkufunzi kijana wa hisabati, hodari kuliko wenzake wote. Akaanza kunywa gongo. Kwanza alichelewa vipindi, kisha ikawa Jumatatu haonekani kabisa. Nilifuata taratibu za kazi: nikamwandikia barua ya onyo, nikamwandikia ya pili, na ya tatu. Hatimaye akaachishwa kazi. Mama yake alipokuja kuchukua vyombo, alipita ofisini kwangu, akanisalimu kwa heshima, akasema: "Mwalimu, barua tatu nimeziona. Je, nyumbani kwake ulifika mara ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na uwanja wa mpira tu. Kijana yule alifariki mwaka 1992.

Swali la mama yule ndilo lililonifanya, baada ya kustaafu, nisome historia ya jambo hili. Nilidhani nitakuta habari za madaktari na dawa. Nimekuta zaidi habari za majirani.

Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa wa New York, alikwenda mji wa Akron, huko Ohio, Marekani, na biashara yake ikaharibika. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Alipoona kiu inamrudia, alitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na Dakta Bob Smith, mpasuaji ambaye elimu yake yote haikumwokoa na chupa. Wakasaidiana. Tarehe 10 Juni mwaka huo, siku Smith aliyokunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kina vikundi pande zote za dunia.

Nigeria nayo ina somo lake. Mwaka 1954 Dakta Thomas Adeoye Lambo, mzaliwa wa Abeokuta aliyesomea Uingereza, alishika uongozi wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Aro, karibu na mji wake. Majengo yalikuwa hayajakamilika. Hakungoja. Alielewana na wanakijiji wa jirani, wagonjwa wakapangishwa vyumba kwao. Sharti ni kwamba kila mgonjwa aje na ndugu yake, angalau mmoja, wa kumpikia, kumfulia, kumpeleka hospitali asubuhi na kumrudisha baadaye. Tiba aliyopata ilikuwa ya kisasa, lakini jioni alikuwa mtu miongoni mwa watu, akiamkiwa njiani kama wengine. Lambo aliwashirikisha hata waganga wa jadi, kwa kuwa walizijua familia na hofu zao. Baadaye mtu huyo alikuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Nasi Tanzania tulipata kuwa na vijiji ambako wagonjwa wa akili walilima na kuishi pamoja na jamaa zao.

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa wa akili ni wa kuhurumiwa, lakini mlevi na mvuta unga wamejitakia. Nami nilisema hivyo nilipokuwa nikitia sahihi barua zangu. Labda hatua ya kwanza mtu huichukua mwenyewe. Lakini sijamwona aliyerudi peke yake. Wahenga walisema mtu ni watu.

Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa methadoni watumiaji wa heroini. Dawa hiyo mgonjwa huinywa kila siku, mbele ya mhudumu. Dawa ni bure. Nauli si bure, wala moyo wa kuamka kila siku hauuzwi dukani. Mtaani kwetu yupo kijana anayetumia dawa hiyo. Majirani tunamchangia nauli, na kila asubuhi mmoja wetu humgongea mlango na kumsindikiza hadi kituo cha basi. Wengine walikataa tulipowaomba, wakasema tunafuga mwizi. Hatukugombana nao, tuliwaeleza, na wawili kati yao sasa wana zamu zao.

Zamu yangu ni Jumatatu. Natembea polepole kwa sababu ya magoti, naye hunisubiri. Barua sijamwandikia hata moja.