Uchanganuzi Mtiririko: Kusoma Bila Kulimbikiza

Maudhui ya Wikipedia ya Kiingereza hutolewa kwa umma katika muundo wa XML. Yakishafunguliwa kutoka kwenye faili lililobanwa, ukubwa wake hupita gigabaiti 80. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 (nasema kumbukumbu, ile ambayo wauzaji huiita RAM, si nafasi ya diski) inaweza kuyapitia yote, makala baada ya makala, bila kuelemewa. Kompyuta hiyo hiyo ikiamriwa kupakia kila kitu kwanza ndipo ianze kazi, itakwama mapema. Namna ile ya kwanza ndiyo ninayopendekeza tuiite uchanganuzi mtiririko.

XML, iliyoidhinishwa na W3C tarehe 10 Februari 1998, hufunga kila kipande cha data kati ya lebo mbili, ya kufungua na ya kufunga, na lebo huweza kubeba lebo nyingine ndani yake. Mwaka huo huo zilitoka njia mbili za kuisoma. DOM, iliyoidhinishwa Oktoba, hujenga mti mzima: kila lebo huwa kifundo kinachomjua mzazi wake, watoto wake na ndugu zake. Uhusiano wote huo unahitaji mahali pa kukaa, ndiyo maana mti huweza kula kumbukumbu mara kadhaa ya ukubwa wa faili. SAX, ambayo David Megginson na wenzake waliitoa Mei, haijengi chochote. Hutoa taarifa tu: lebo imefunguliwa, maandishi yamefika, lebo imefungwa. Kisha husonga mbele.

Mchanganuzi wa aina hii halazimiki kukumbuka mengi zaidi ya lebo ambazo bado hazijafungwa. Kwa hiyo kumbukumbu anayotumia hufuata kina cha data, si urefu wake. Makala za Wikipedia ziwe elfu moja au milioni sita, kina ni kile kile: ukurasa, ndani yake toleo, ndani yake maandishi. Anayechagua mchele kwenye sinia hufanya hivyo hivyo; ukubwa wa gunia humwongezea muda, haumlazimishi kutafuta sinia kubwa zaidi.

Kwa nini nisiseme utiririshaji? Neno hilo limeshazoeleka kwenye video na muziki, na linataja kazi ya anayetuma. Hapa tunamzungumzia anayesoma. Usomaji mfululizo nao haufai, kwa sababu hata DOM husoma faili mfululizo, tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Kinachoitofautisha ni kwamba haiachii kitu.

Na hapo ndipo istilahi yangu inapohitaji maelezo, maana mtiririko husema jinsi data inavyoingia, hausemi inavyotoka. Katika Python kuna kitendo kiitwacho iterparse, ambacho hukukabidhi kila lebo inapofungwa. Wengi hukitumia wakiamini kwamba wameokoa kumbukumbu, kumbe mti unaendelea kujengwa nyuma yao. Ni lazima ukishamaliza na ukurasa uufute kwa clear. Hata hivyo haitoshi: mzizi wa mti hubaki umeshikilia mamilioni ya kurasa tupu, nao unapaswa kusafishwa. Nafuu yote iko katika kuachia, na fasili yoyote ya istilahi hii isiyotaja kuachia itampotosha mwanafunzi.

Kuna data isiyokubali kuachiwa ovyo. Chukua OpenStreetMap, ramani ambamo mradi wa Ramani Huria ulichora mitaa ya Dar es Salaam. Kwa kawaida faili lake la XML hutanguliza nukta zote zenye latitudo na longitudo, kisha njia, kisha mahusiano. Njia haibebi mahali ilipo. Hubeba namba za utambulisho za nukta zake tu. Mtaa unapofika kwa mchanganuzi, nukta zake zimekwisha kupita zamani, na aliyezitupa hana cha kuchora. Programu ya Osmium hutatua jambo hili kwa kuhifadhi kutoka katika kila nukta mahali ilipo tu, kwa namba mbili nzima zinazochukua baiti 8, katika faharasa inayoweza kukaa kwenye kumbukumbu au kwenye diski. Tarehe, jina la mchoraji na lebo nyinginezo huachwa zipite.