Dhahabu ya watawa peku

Wakarmeli Peku huweka nadhiri ya ufukara. Mtu akiingia Santa Maria della Vittoria, kanisa la konventi yao jijini Roma, lazima ajiulize: marumaru hizi za kila rangi, dhahabu hii, malaika hawa waliojaa darini, vyote vilitoka wapi?

Ujenzi ulianza mwaka 1608 chini ya Carlo Maderno, na kanisa likawekwa kwa jina la Mtakatifu Paulo. Katika kuchimba msingi ikafukuliwa sanamu ya kale ya Hermaphroditus aliyelala. Kardinali Scipione Borghese aliitamani, akaichukua, na kwa kubadilishana akagharimia uso wa mbele wa kanisa, kazi ya Giovanni Battista Soria. Kijana Gian Lorenzo Bernini akapewa kuichongea sanamu hiyo godoro la marumaru. Leo iko Louvre, Paris, pamoja na godoro lake.

Jina la sasa lilitoka vitani. Mwaka 1620, katika mapigano ya Mlima Mweupe karibu na Prague, mtawa Mkarmeli alikuwa na majeshi ya Wakatoliki akibeba picha ya Bikira Maria. Walishinda, picha ikaletwa Roma, na Paulo akampisha Bikira Maria wa Ushindi. Picha yenyewe iliteketea kwa moto mwaka 1833.

Lakini kinachowavuta watu ni kikanisa cha Cornaro. Bernini alikuwa ameaibika: mnara wa kengele aliouanza juu ya Basilika la Mtakatifu Petro ulitia nyufa ukutani, na Papa Inosenti X akaagiza ubomolewe mwaka 1646. Kardinali Federico Cornaro wa Venice hakujali. Akamkabidhi kazi, ikafanyika kati ya 1647 na 1652. Humo Teresa wa Avila, mrekebishaji wa shirika la Wakarmeli, amechongwa akiwa amezimia juu ya wingu. Malaika amemwelekezea mshale. Nuru yatoka kwenye dirisha lililofichwa na kuteremka juu ya miale iliyopakwa dhahabu. Ukutani, kulia na kushoto, wanaume wa ukoo wa Cornaro, wengi wao marehemu wa siku nyingi, wamekaa vibarazani wakizungumza kama watazamaji wa tamthilia. Wengine hata hawamtazami Teresa!

Mwanawe Bernini aliandika kwamba baba yake aliiona hiyo kuwa kazi yake yenye ubaya mdogo kuliko zote. Unyenyekevu huo ulipita kiasi: hakuchonga nyingine iliyoizidi.