Chura wa Kihansi ni nani hasa?

Wadau, chura wa Kihansi kila mtu ana utani naye, ila ukiuliza ni mnyama gani watu wanaanza kukwepa. Nimekaa nikakusanya, someni kabla hamjacheka.

Kihansi ni mto mdogo unaoshuka milima ya Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro, kuelekea bonde la Kilombero. Ukingoni mwa mlima unaporomoka kwenye korongo jembamba, maji yanapiga mawe na kurusha manyunyu mchana na usiku. Majani ya pembeni hayakauki. Humo ndo alipopatikana mwaka 1996: chura wa manjano, hata sentimita 3 hafiki. Hatagi mayai kama hawa wa kwenye madimbwi yetu, mama anazaa vitoto vimeshakamilika. Hajawahi kukutwa kwingine duniani, na makazi yake yote ni kama hekta 2 tu, yaani viwanja vitatu hivi vya mpira!

Balaa ni kwamba alipatikana ujenzi wa bwawa la umeme umeshaanza. Mitambo ya megawati 180 ilipowashwa, mwaka 1999 kuelekea 2000, karibu asilimia 90 ya maji yakaingia kwenye handaki. Manyunyu kwisha. Wakafunga mabomba ya kunyunyizia korongo, na vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Marekani.

Mabomba yalisaidia, maana katikati ya 2003 walikadiriwa karibu 20,000. Miezi michache baadaye walibaki wa kuhesabu. Ugonjwa wa kuvu wa ngozi ulikutwa kwao, ingawa wataalamu wanabishana kama ulikuwa peke yake. Mwaka 2009 IUCN ikatangaza wametoweka porini.

Wale wa Marekani wakazaliana kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kuachiwa korongoni.

Kuna wanaouliza, chura na umeme bora nini? Mimi swali hilo silipendi. Umeme tunautaka, hata kompyuta unayosomea hapo huenda inakula maji ya Kihansi. Kilichotakiwa ni kukagua korongo kabla ya kuchimba, wakajua mapema maji kiasi gani yaachwe. Kumbuka korongo hilohilo lina mbuni wa porini anaitwa Coffea kihansiensis, ambaye naye anapenda unyevu. Huyo hana hata utani, hakuna anayemjua.