Faalig na Mkono Ulioachwa Upumzike

Garissa, kiharusi tunakiita faalig. Neno limetoka kwa Kiarabu, kwenye mzizi wa kupasua kitu katikati, na ndivyo inavyokuwa: mtu analala mzima, anaamka nusu.

Kinachofuata kila bula inakijua. Ukoo unajaa nyumbani, mgonjwa haachiwi hata kikombe. Mkono wa kulia umelala, na wa kushoto kwetu haugusi sahani ya pamoja, basi analishwa. Abti, yaani mjomba wangu, alikataa. Alipambana na anjera kwa vidole vilivyolegea, nusu ikiangukia kikoi. Watu wakasema huo ni ukaidi. Miezi kadhaa baadaye alishika kikombe, kalamu ikamshinda.

Nilipofuatilia historia, nikakuta ukaidi wake una zaidi ya miaka mia. Mwaka 1917, Marekani, Ogden na Franz walichunguza kima waliopoozeshwa upande mmoja. Aliyeachwa tu aliutegemea mkono mzima. Mkono huo ulipofungwa, ule dhaifu ukalazimika kufanya kazi, ukapata nguvu.

Baadaye Edward Taub akaeleza kwa nini: ukijaribu ukashindwa mara nyingi, ubongo unajifunza kuuacha mkono. Njia yake haikuwa safi. Mwaka 1981 polisi walivamia maabara yake Silver Spring kwa madai ya ukatili kwa kima. Hukumu dhidi yake ilifutwa baadaye. Mwaka 2006 yakatoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 222. Waliovalishwa glavu mkono mzima kwa wiki mbili, huku wakifanya mazoezi mazito, walipata nafuu iliyodumu angalau mwaka. Lakini si kila mkono unafaa: wote walikuwa bado wanaweza kuinua kidogo kifundo na vidole.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1926 mkoloni aliifunga Northern Frontier District, huingii bila kibali. Baada ya uhuru ikaja hali ya hatari, hadi 1991. Eneo lililofungwa hivyo halijengewi huduma haraka, na Nairobi iko zaidi ya kilomita 350. Kwa mfugaji, kumwona mtaalamu wa viungo hata mara moja ni safari.

Akishaonyeshwa mazoezi salama, saa zilizobaki ni zetu nyumbani. Mpe tasbihi, mpe kifungo cha shati, halafu vumilia kumtazama akihangaika. Hapo ndipo mapenzi yanapokuwa magumu.